Sabiri Mhina Wawili

Muhsin ni mtu wa Kwaluguru, Handeni, na katika waandishi wote wa programu niliowahi kufanya nao kazi hakuna aliyemzidi roho nzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi mjini Korogwe anasemwa vibaya, tena na watu ambao hata kuwasha kompyuta ni mpaka waitiwe mtu.

Tulikaa meza moja, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Korogwe. Ujana wake wote uliishia kwenye maktaba ya msimbo: vipande vya programu vilivyoandikwa mara moja, kisha kompyuta za zahanati zote tulizozihudumia zikawa zinaviazima. Kimoja kilitafuta mgonjwa kwa majina mawili na namba ya simu ya nyumbani, kikaleta dozi yake. Zahanatini hakikuwahi kusumbua. Nesi wa huko, kama Yusta, alikuwa na mgonjwa mbele yake. Majina yakigongana, anachagua kwa macho.

Kisha bosi akataka maktaba ifunguliwe mlango, ili programu za simu za wahudumu wa vijijini ziiulize moja kwa moja. Nikamshauri Muhsin mlango huo uulize na tarehe ya kuzaliwa. Akacheka.

"Grasiana dada yangu, wazee wetu tarehe wanaijua? Bibi yangu atakwambia alizaliwa mwaka wa nzige. Unataka simu imnyime dawa?"

Mlango ukafunguliwa bila tarehe. Alikuwa anawatetea wazee, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Lakini yeye si Mzigua? Si anaitwa Muhsin kwa sababu ya babu yake? Kwao mjukuu hubeba jina la babu: babu Sabiri Mhina, mwanawe Mhina Sabiri, mjukuu Sabiri Mhina tena, na simu ya nyumba nzima ni moja. Jambo alilokua nalo lilimpita hivihivi, kwa kulizoea.

Kijijini kwao walikuwapo Sabiri wawili wa namna hiyo, wote na kifafa. Mdogo alikuwa na miaka minne. Denis, mhudumu wa kijiji, aliandika jina kwenye simu, na maktaba ikamletea wa kwanza iliyemwona: babu. Mama wa mtoto akashangaa vidonge kuwa vingi.

"Imetoka Korogwe, mama," Denis alimwambia. "Ndiyo dozi mpya."

Mama akampa kama alivyoelekezwa. Mtoto alilala mchana ule na hakuamka tena.

Tulikwenda msibani. Bosi alikuwa na kikao, ndivyo alivyosema. Muhsin alichuchumaa mbele ya mzee Sabiri, mkekani.

"Shikamoo, babu. Mlango ule niliufungua mimi. Sikuweka..."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mtoto alikunywa dawa zangu."

"Hapana, babu, kosa ni la programu, kosa ni langu."

"Na jina nani alimpa?"

Muhsin akaeleza upya, taratibu, kwa Kizigua, huku machozi yanamtoka. Mzee aliitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, kama anavyoitikiwa mgeni. Nilitamani kupiga kelele. Kisha akamgeukia mwanawe Mhina, ambaye mkewe alikuwa mjamzito.

"Huyo anayekuja, akiwa wa kiume, msimpe jina langu. Wala mwingine yeyote baada yake."