Bihogo, Gari la Kamanda

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyoshuka sokoni Muyinga kumtafuta mtu aliyekuwa dereva wa kamanda mmoja. Amani ilikuwa imekuja, nasi tumerudi kilimani kwetu Bugendana kutoka ukimbizini Tanzania. Wakati wa vita baba alipakiwa kwenye gari la kamanda huyo akabebe mizigo ya askari, na hakuonekana tena. Bila kujua kama yu hai, mama hakuthubutu hata kumlilia.

Nilikuwa mdadisi, we acha tu! Mama alinieleza kwamba watu wa kilimani waliyapa magari ya makamanda majina ya ng'ombe. Jeupe liliitwa Gitare. Lile la rangi ya udongo, lililomchukua baba, liliitwa Bihogo, kama ng'ombe wa rangi hiyo. Wachungaji wakiliona walipaza sauti, "Bihogo anashuka mtoni!" Watu wakajificha, nao askari wakadhani ni mambo ya mifugo. Nani alibuni ujanja huo? Niliuliza kila mtu, hakuna aliyejua.

Dereva nilimkuta akiziba pancha.

"Shikamoo, baba. Ni wewe uliyeendesha gari la kamanda?"

"Mi sijui mambo ya vita," akanigeuzia mgongo.

Moyo uliniuma. Kisha udadisi wangu ukanisukuma. "Basi niambie kitu kimoja tu. Sisi tuliliita Bihogo. Ninyi mliliitaje?"

Aligeuka. "Bihogo? Si ng'ombe hiyo?" Nilipomweleza, alikaa juu ya tairi akacheka hadi machozi. "Kumbe! Na sisi tulikuwa tunasikia wanaita ng'ombe, tunapita tu! Sisi tuliita Inkuba, radi, sababu ya mlio yake."

Akanisimulia breki zake mbovu, na kiti cha mbele ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia isipokuwa kamanda. Nilisikiliza tu. Mwishowe akauliza polepole, "We unatafuta nani?"

Nikamtajia jina la baba.

"Homa ilimwua kule Buhinyuza," akasema. "Mi nilisaidia kumzika. Kaburi iko nyuma ya kanisa. Mlete mama yako, nitawapeleka."

Alitupeleka kweli. Mama alikaa chini pale, akamwita baba kwa jina, akalia kwa sauti kubwa. Yule dereva alivua kofia, naye akalia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimtafuta mtu wako, usimvamie mwenzio kwa swali la vita. Muulize kwanza habari za gari, za njia, za mvua ya siku ile, halafu utulie. Yaliyo mazito atayatoa mwenyewe. Mungu akupe subira ya kusikiliza, na wako wote waliopotea akuonyeshe walipolala.