Mkalimani wa Viziwi na Taa Nyekundu

Wanaosikia walimwita Mama Vidole, naye hakulichukia jina hilo. Alizaliwa na baba kiziwi, akajua kusema kwa mikono kabla ya kujua kusema kwa mdomo. Kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya kiziwi na mtu asiyejua lugha yake, iwe benki, kituo cha polisi au wodi ya wazazi.

Miaka ya karibuni aliifanya kazi hiyo akiwa nyumbani, kwa video. Hospitali inapiga, muuguzi anasimamisha skrini mbele ya mgonjwa, mkalimani anamtazama mgonjwa na kumsemea. Alikitenga chumba kidogo cha mbele kwa ajili hiyo: meza nzito ya mbao, taa mbili, na nyuma ya kiti chake ukuta mtupu wa rangi ya samawati ili mikono ionekane vizuri. Tatizo lilikuwa intaneti. Ilipita kwenye waya wa zamani wa simu, na mawingu yakitanda tu, picha inaganda. Sauti ikikatika, angalau unajua imekatika. Mkono ulioganda hewani, hata hivyo, unaweza kuusoma kama neno zima, ukalitoa, na kumbe si neno lenyewe.

Ndiyo maana aliomba kufungiwa faiba mpaka ndani ya nyumba.

Fundi alifika asubuhi mapema, mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi. Waliivuta meza katikati ya chumba, akatoboa ukuta, akafunga kiboksi cheupe karibu na sakafu, kisha akapitisha waya mwembamba kama utambi hadi kwenye ruta pale dirishani.

"Humu ndani hakuna shaba, mama," alisema. "Ni kioo, chembamba kuliko unywele, na ndani ya kioo ni mwanga tu unaokimbia. Usije ukaupinda kama kamba ya mbuzi."

Baba yake Mama Vidole alikuwa amesimama mlangoni akitazama kila kitu. Alikuwa mzee wa miaka sabini na sita, fundi saa mstaafu. Kwa kuwa hakusikia, alizoea kuiweka saa kwenye mfupa wa shavu ili ahisi inavyopiga. Fundi alimgeukia, akakunja kidole chake, akatikisa kichwa kwa nguvu. Mzee akaitikia kwa kichwa: nimeelewa.

Ilipofika saa nne fundi alishaondoka. Waya uliozidi ulikuwa unaning'inia karibu na dirisha, na mzee yule hakuweza kuvumilia kitu kinachoning'inia. Akauzungusha duara pana, akaufunga kwa uzi wa pamba, akautundika kwenye msumari. Saa sita kamili laini ya zamani ikakatwa, kama mkataba ulivyosema. Mama Vidole akampigia rafiki yake video kujaribu. Picha ilikuwa safi hata akazihesabu shanga za shingoni mwake.

Saa saba na nusu alijiandaa kwa zamu ya mchana. Meza ilikuwa bado katikati ya chumba na kamera ilimkaribia mno, viwiko vikawa vinakatwa. Akaegemeza nyonga, akaisukuma meza hadi ikagota ukutani. Akaketi, akanyoosha mikono, ikaenea yote. Akaenda jikoni kunywa maji.

Aliporudi, skrini ilikuwa nyeupe. Pale dirishani taa moja ya ruta, iliyokuwa kijani asubuhi nzima, sasa ilikuwa nyekundu, inapepesa.

Akaizima, akaiwasha, mara tatu. Ikabaki nyekundu. Akapiga simu huduma kwa wateja.

"Zima ruta, subiri nusu dakika, kisha uwashe," sauti ya dada wa huduma ilisema, taratibu, kama anayesoma.

"Nimeshafanya hivyo, dada'ngu. Mara tatu."

"Tufanye tena pamoja, tafadhali."

Wakafanya tena pamoja. Nyekundu.

"Taa hiyo ina maana mwanga haufiki kwenye kifaa," dada akasema. "Kuna mahali waya umepinda, umebanwa au umekatika. Fundi atafika kesho asubuhi."

"Kesho? Mimi natafsiria hospitali. Wakipiga sasa hivi nifanyeje?"

"Pole sana. Nimeandika kuwa ni la dharura."

Hakuwa amekata simu vizuri wakati simu ya hospitali ilipoingia. Alikuwa muuguzi, anahema. Fundi rangi kiziwi ameanguka kutoka ngazini, anavuja damu tumboni, kuandika hajui, chumba cha upasuaji kiko tayari. Mkalimani mwingine yuko mahakamani na simu yake imezimwa. "Tunakutegemea wewe, Mama. Mbona hupatikani kwenye video?"

"Intaneti imekatika. Nipigie kwenye simu hii hii, kwa video. Nitatumia bando."

Simu ikaita. Akaiegemeza kwenye kikombe. Kwenye kioo kidogo kama kiganja alimwona mtu amelala, ana madoa ya rangi nyeupe nyusini, macho yamemtoka kwa hofu. Mama Vidole akajitambulisha kwa mikono. Mtu yule alipoiona lugha yake, alifumba macho kidogo, kama mtu aliyetua mzigo.

"Muulize," daktari alisema kutoka pembeni, haraka, "amewahi kudhurika kwa sindano au dawa yoyote?"

Akauliza. Mgonjwa akaanza kujibu kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa na mpira wa maji. *Sindano. Mimi. Zamani. Jino.* Picha ikaganda. Ikarudi. *Kudhuru.* Ikaganda tena, na ilipofunguka mkono ulikuwa umeshatua kifuani.

Katika lugha ile kukanusha hukaa kichwani. Mikono husema "imenidhuru", kichwa kikitikisika maana inageuka. Mkono aliuona. Kichwa hakukiona.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

Akauliza upya. Mgonjwa akarudia, na picha ikavunjika vipande vya mraba pale pale.

"Dada, mtu anavuja damu. Ndiyo au hapana?"

Ingekuwa rahisi kuchagua. Watu wengi hawajawahi kudhurika kwa sindano. Ulimi ulikuwa tayari.

"Sijui," alisema. "Sikumwona vizuri, daktari. Sitafsiri nisichokiona."

Daktari akasema, bila ukali, na hilo lilimtisha zaidi: "Nakupa dakika kumi. Baada ya hapo naingia hivyo hivyo."

Alijua hata teksi isingemfikisha kwa nusu saa. Akaruka kwenye dirisha na kuuona ule mzunguko wa waya umefungwa kwa uzi. Damu ikampanda. Baba yake alikuwa ameketi sebuleni anasoma gazeti. Akamvuta bega na kumsemea kwa mikono, kwa nguvu, mikono ikigongana:

*Umefanya nini? Nani alikutuma? Kila kitu lazima ukiguse! Mtu anakufa kwa sababu ya mikono yako!*

Mzee akaweka gazeti chini polepole. Maisha yake yote watu waliosikia walimgombeza asisikie. Binti yake hakuwahi.

Mama Vidole akaukata ule uzi kwa meno, akaunyoosha waya, akaizima na kuiwasha ruta. Akasubiri. Taa zikawaka moja moja, kama zinazotania. Ile moja ikabaki nyekundu.

Kama si hapo, ni wapi? Aliitazama simu: dakika nne zimekwenda.

Mzee akaingia chumbani. Hakumtazama binti yake. Aliushika waya pale unapoingia kwenye ruta, kati ya kidole gumba na cha shahada, akaanza kuufuata, taratibu, kama alivyofuata kamani ndani ya saa. Akateremka nao chini ya dirisha. Akapiga magoti, jambo ambalo siku hizi lilimuuma. Akafika pembeni ya meza, mkono ukaingia kati ya meza na ukuta, ukakwama.

Akageuka. Akagonga mbao za meza mara mbili, kisha akakunja kidole chake na kutikisa kichwa, vile vile alivyofanya fundi asubuhi.

Mama Vidole akaelewa yote kwa pigo moja. Nyani haoni kundule. Wakaishika meza, yeye upande mmoja na baba yake upande wa pili, wakaivuta ikilalamika sakafuni. Mguu wa meza ulikuwa umeukandamiza waya juu kidogo ya kile kiboksi, hadi waya ukakunjika kama goti. Mzee akaunyoosha kwa ncha za vidole, akaupapasa, akaupapasa tena. *Haujakatika,* akasema. *Nadhani.*

Lile "nadhani" lilichukua karne. Nyekundu. Nyekundu. Kisha ikazimika kabisa, na kwa pumzi moja Mama Vidole alidhani wameua kilichobaki. Ikarudi kijani. Ikapepesa kijani. Ikatulia.

Akaipigia hospitali kwa kompyuta akiwa amesimama, meza imekaa mshazari, ukuta wa samawati hauonekani, nyuma yake kapu la nguo. Hakujali. Mgonjwa alitokea kwenye skrini mzima mzima, hadi mchirizi wa jasho shingoni.

*Sema tena,* akamwambia. *Sasa nakuona.*

Mkono ukasema, na kichwa kilitulia tuli bila kutikisika. Akamsemea, neno kwa neno: "Niling'olewa jino miaka mitatu iliyopita. Walinichoma sindano kabla, ya kuzuia usaha. Mwili ukavimba, koo likaziba, nikazimia. Waliniambia nisichomwe tena hiyo maisha yangu yote. Karatasi iko nyumbani. Nilijaribu kumwambia mtu wa gari la wagonjwa, akanishika mikono ili nitulie."

Daktari akamgeukia muuguzi: "Badilisha dawa. Ile itoe kabisa mezani." Mama Vidole akamwona muuguzi anachukua bomba la sindano lililokuwa limeshajazwa, analiweka mbali.

Alibaki na mgonjwa mpaka wakamsukuma kwenda ndani, akimweleza kila kitakachofanyika, na skrini ikazimwa.

Alikwenda sebuleni, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake ili nyuso zilingane. *Nisamehe, baba. Mimi ndiye niliyeisukuma meza. Nimekutukana bure.*

*Saa ikisimama,* mzee akasema, *watu humlaumu fundi wa mwisho kuigusa. Nimezoea kwa wateja.* Akasita. *Kwako sijazoea.*

Hakumwambia amemsamehe, wala siku hiyo hawakuzungumza zaidi. Alikula chakula chake cha jioni peke yake chumbani. Kesho yake ndipo alipotoka na rula na penseli, akachora mstari ukutani, akamwonyesha yule fundi mwenye kitambi, aliyekuja kwa ile dharura ya jana, mahali kiboksi kinapotakiwa kuhamia: juu, ambapo hakuna meza itakayokifikia.

"Mzee huyu angekuwa bosi wangu," fundi alisema akitafuta bisibisi, "nisingerudi nyumba moja mara mbili."

Mama Vidole akamtafsiria baba yake. Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana, kisha akamwonyesha fundi tena ule mstari: umepindisha, toboa kidogo kushoto.

Fundi rangi alikaa hospitali siku kumi na moja, akatoka kwa miguu yake.