Stendi Haikuwa Imefupika

Naikumbuka, mwanangu, asubuhi niliyopigana na stendi ya katikati ya pikipiki yangu mpaka viatu vikateleza kwenye matope. Nimeikumbuka leo nilipokuona pale uani ukiikanyaga yako na kuitukana. Usiwe na wasiwasi, matusi sikuyasikia. Masikio yangu siku hizi huchagua.

Wakati huo nilikuwa kijana, nabeba majani chai ya majirani kutoka mashambani hadi kituo cha kununulia, kule kwetu karibu na Chepilat. Lakini pikipiki yenyewe niliinunua kwa ajili ya mama. Magoti yake yalikuwa yamechoka kwa miaka ya kupanda na kushuka miteremko ya chai na kapu mgongoni, na nilikuwa nimemwahidi kwamba kanisani na kliniki hataenda tena kwa miguu. Mwanzoni alipanda nyuma yangu kwa furaha, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, akisalimia kila tuliyempita. Kisha ghafla akaacha. Akasema anapenda kutembea, eti kunamnyoosha mgongo. Iliniuma sana. Nikadhani naendesha vibaya, au anaona aibu kukaa mahali palipolowa maji ya majani.

Asubuhi hiyo nilitaka kukaza cheni, na cheni huikazi sawasawa mpaka gurudumu la nyuma liwe hewani, lizunguke. Stendi ilisimama, lakini gurudumu lilibaki limekanyaga chini. Nikaamua kwamba stendi imelika, imefupika. Nikaenda sokoni kwa Mzee Ombati, fundi wa kuchomelea aliyetoka upande wa Kisii zamani na kusali kanisa moja na mama. Nikamwomba anichomelee vipande vya chuma chini ya miguu ya stendi.

Hakuwasha mashine. Alichuchumaa, akapapasa miguu ya stendi, akaona haijalika. Akatikisa bolti inayoishikilia, nayo haikuwa imelegea. Akatazama tairi, likawa la saizi ileile ya siku zote. Kisha akasimama kando akaiangalia tu pikipiki, muda mrefu, hata nikaanza kukasirika.

"Hii stendi haina makosa, kijana. Umebadilisha nini hapa nyuma?"

"Ni shokabzoba tu, mzee. Niliweka ndefu, sababu magunia ya majani yalikuwa yanasugua tairi."

Vijana wote wa majani chai tulifanya hivyo, tukitoa springi za nyuma na kuweka ndefu. Mkia ukiinuka unaongeza gunia lingine, na wenzako wanakusifu. Hakuna aliyefikiria kwamba mwili wa pikipiki ukipanda, stendi inabaki na urefu wake wa zamani, na gurudumu linaning'inia chini zaidi.

"Basi ni hiyo," akasema. "Nikikuwekea chuma, kesho utainua tena. Na mama yako siku hizi anapanda aje?"

"Hapandi. Anasema anapenda kutembea."

Aliweka kiganja juu ya kiti, kisha akakisogeza hadi mwilini mwake, kikamfika juu ya kiuno. Naye alikuwa mrefu. Mama yangu, mwanangu, alikuwa mwanamke mfupi sana. Wewe hukuwahi kumwona. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba aliacha kupanda mara tu nilipoinua ule mkia.

Nilimkuta nyumbani akikanda goti kwa maji moto. Nikamuuliza.

"Nilijaribu kupanda na jiwe," akasema, "jiwe ikateleza. Nikaona nisikusumbue. Hiyo majani ndiyo unakula."

Nililia mbele yake, mtu mzima mwenye ndevu. Yeye akacheka, akaniambia nikamwage yale maji.

Mzee Ombati alizirudisha shokabzoba za zamani. Stendi ikainua gurudumu nilipoikanyaga mara moja, nikakaza cheni yangu. Majani nikawa nayabeba machache machache, kwa safari nyingi, na wenzangu wakanicheka. Jumapili mama alipanda nyuma yangu bila jiwe, akaanza tena kusalimia watu.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujachomelea chochote, kagua miguu ya stendi, bolti yake na tairi, kisha jiulize wewe mwenyewe umebadilisha nini. Na ukishapata jibu usiishie kwenye pikipiki. Nimeona yako imeinuliwa mkia kama za wenzako hapo steji ya bodaboda. Nimemwona pia mke wako, na mimba yake hiyo kubwa, akitoka kliniki kwa miguu, akiniambia anapenda hewa ya mashamba. Nenda kamuulize leo. Muulize kwa upole, kisha umwache amalize kusema.

Mungu akupe masikio ya kumsikia asiyelalamika. Amfikishe mkeo salama, na mtoto huyo azaliwe akute njia ya nyumbani ni rahisi kwa mama yake. Sasa lete spana, tuishushe pamoja.