Basi Lililobaki Tupu

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, ukungu ungali umelalia bonde, na Corinne Haskett anawasha injini ya basi la shule la manjano lililoegeshwa kati ya banda la kuku na kamba ya nguo. Kuku hawashtuki, wamelizoea. Shule hazifunguliwi mpaka Jumatatu, lakini leo ni siku ya kupitia njia: kila dereva anaizunguka njia yake bila watoto, aone daraja lipi limemomonyoka na tawi lipi limeinamia barabara wakati wa likizo.

Corinne ana miaka arobaini na mmoja, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimaliza kwenye usukani huu, akipanda na kushuka vilima vya Ozark, kusini mwa jimbo la Missouri. Njia yake anaijua kwa watu wake.

"Wa hapa hutapika tukifika kona ya mto," anasema, akipunguza mwendo mbele ya lango moja. "Na huyu wa pili, mama yake humkimbilia na kiatu mkononi. Kila siku ya Mungu, kiatu kimoja tu. Sijui kile kingine huwa kinatangulia vipi."

Kinyozi hajinyoi. Mwanamke huyu ambaye kila asubuhi huwafikisha watoto wa watu mlangoni pa shule ana binti wawili, na hakuna hata mmoja anayesoma huko. Keziah, mwenye miaka kumi na minne, na Tirzah, mwenye miaka tisa, wanasomeshwa na mama yao kwenye meza ya jikoni, kati ya safari ya asubuhi na ile ya mchana.

Madereva wenzake hawajamwacha salama kwa hilo. Dwight Purcell, mzee wa basi la njia ya mto, humngoja kila asubuhi pale mabasi yanapojipanga nje ya shule, kikombe cha kahawa mkononi.

"Corinne, dada yangu, wewe ni muuza nyama asiyekula nyama. Sisi wateja tukuamini vipi?"

"Nyama nakula, Dwight. Ila yangu napika mwenyewe."

Hakuanza kwa ubishi wala kwa kufuata watu. Keziah alipelekwa darasa la kwanza kama watoto wengine, na kufikia Oktoba tumbo lilikuwa likimuuma kila Jumapili jioni. Daktari hakuona kitu. Desemba mtoto aliacha kula. Usiku mmoja alilia mpaka akalala sakafuni, na asubuhi yake Corinne na mumewe, Wendell, anayepasua mbao kiwandani, wakakubaliana wamkalishe nyumbani mpaka apone. Tumbo lilipona baada ya wiki moja. Keziah hakurudi tena.

"Nilimsikiliza mwanangu," Corinne anasema. "Hiyo ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo siku ile. Mengine nimeyajifunza njiani."

Njiani amejifunza mengi. Amejifunza kufundisha hesabu za sehemu kwa trei za mayai, na historia wakati maharage yanatokota. Amejifunza pia kwamba mama hawezi kumfokea mwanafunzi wake kisha akategemea mwanawe amkumbatie saa ile ile. Kuna siku masomo yalivunjika kabla ya chai ya saa nne, mwalimu akatoka kwenda kulia kwenye banda la kuku. Hayo anayasema bila kuficha, na anacheka.

Kila Alhamisi familia zinazosomesha nyumbani hukutana katika ukumbi wa chini wa kanisa. Akina mama hugawana masomo, watoto hukimbizana, na kila mtu huja na sufuria yake ya chakula. Swali linalowachosha wote ni lile lile la mashangazi na wakwe: mtoto huyu atazoeana na wenzake lini?

Mama mkwe wake, Lorene, hakulikosa hata Krismasi moja. "Sisemi kitu mimi," huanza hivyo, naye husema. "Ila mtoto si jamu, umfungie kwenye chupa."

Jibu Corinne alikuwa nalo tayari. Dereva wa hapa anaruhusiwa kumbeba mtoto wake mwenyewe safarini, na Tirzah alianza kupanda basi hili kabla hajaota meno, amefungwa kwenye kiti chake cha mtoto, nyuma tu ya mama yake. Alijifunza kuhesabu kwa vichwa vilivyokuwa vikipanda. Anawajua wote kwa majina, anajua nani kang'oka jino na nani kagombana na nani.

"Basi zima ni marafiki zake," Corinne alikuwa akimjibu mama mkwe. "Kuna mtoto gani wa darasani mwenye marafiki wengi hivyo?"

Ni jibu zuri. Hata mwenyewe alilipenda. Kosa lake, kosa ambalo pengine asingelifanya mwingine ila mama anayesomesha nyumbani na kuendesha basi la shule, ni kwamba hakuwahi kulitazama kutoka kwenye kiti cha Tirzah. Kila asubuhi mlango ulifunguka, watoto wote wakateremka, wakaingia ndani kwa kelele. Akabaki yeye. Kisha basi likamrudisha nyumbani.

Sheria ya kazi ni kwamba mtoto wa mwisho akishuka, dereva atembee mpaka mwisho wa basi, achungulie kila kiti asije akawepo aliyelala, halafu abonyeze kitufe cha nyuma. Asipokibonyeza, king'ora kinalia mji mzima usikie. Corinne amefanya hivyo maelfu ya asubuhi, akijua kwamba basi analolikagua kama tupu lina mtu mmoja.

Asubuhi moja ya Aprili mwaka huu alitembea mpaka nyuma, akabonyeza, akageuka. Kiti cha mbele hakikuwa na mtu.

"Nilichungulia chini yake," anasema. "Halafu nikachungulia tena, kama vile mtoto wa miaka tisa ni hereni. Nikamwita Dwight kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo."

Dwight alimwaga kahawa. Lakini kabla hawajafika popote, katibu wa shule alikuwa amekwishatokea mlangoni, akiwa kati ya kucheka na kutocheka.

"Bi Corinne, kuna mtoto humu ndani ambaye kompyuta yangu haimjui. Anasema ni wako."

Tirzah alikuwa ameshuka katikati ya kundi, bega kwa bega na rafiki yake Raelynn, akaingia naye darasa la nne kama mtu aliyezaliwa humo. Mwalimu alimuuliza kwa upole yuko darasa la ngapi. Watoto wa nyumbani swali hili huwatesa wote, maana huko mtu husoma kitabu anachokiweza, si cha umri wake.

"Hesabu niko la tano," Tirzah alijibu, "kusoma niko la sita, mwandiko Mama anasema tusizungumzie."

Darasa lilicheka, naye akacheka nalo. Kisha wakamsahau, kwa sababu asubuhi hiyo mayai yaliyokuwa kwenye mashine ya kuangulia, mezani karibu na dirisha, yalikuwa yameanza kupasuka.

Corinne alifika mlangoni akiwa amejaa maneno. Watoto walikuwa wameizunguka meza, wamebana pumzi, na binti yake alikuwa katikati yao, kidevu juu ya bega la Raelynn. Mama akangoja. Kifaranga hakijali haraka ya dereva. Kilipotoka hatimaye, kimelowa na kibaya cha sura, darasa lote lilipiga kelele moja, na sauti ya Tirzah ilikuwa ndani ya kelele hiyo, haiwezi kutofautishwa.

Walikuwa kwenye daraja la kwanza, njiani kurudi, Corinne alipoanza.

"Mwanangu, nyumbani tuna kuku tele. Ungeniambia, ningekuwekea mayai hata kesho."

"Najua, Mama."

"Sasa kule ulifuata nini?"

Tirzah alitazama nje kwanza. "Nyumbani kifaranga kikitoka nakuita, nawe unasema, 'Vizuri, mpenzi, kipe maji.' Kule kilipotoka tulipiga kelele wote."

Halafu akasema lile alilokuwa amelibeba, inaonekana, kwa muda mrefu. Alitaka kwenda shule. Si siku moja, si kutembelea. Alitaka kushuka na wengine.

Iliuma, na Corinne haoni sababu ya kusema haikuuma. "Nilijisikia kama mpishi ambaye mtoto wake anakwenda kula kwa jirani. Kila siku nimepika, nimepakua, kumbe mwenzangu ananusa sufuria ya watu." Kulikuwa na hofu pia, na hofu ilikuwa kubwa kuliko maumivu. Aliliona tumbo la Keziah likirudi, safari hii kwa mdogo wake. Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine ambayo aliona haya kuitaja: kama Tirzah atakwenda na kufurahi, je, miaka yote ya meza ya jikoni ilikuwa ukaidi wa mama tu?

Alhamisi aliwaeleza wenzake kanisani. Walimfariji, wakamkaribisha viazi. Dawnelle, mama wa watoto sita na mkongwe wa kundi, alimshika mkono.

"Wote hupita hapo, mpenzi. Mnunulie darubini, atasahau."

"Darubini haipigi kelele, Dawnelle," alijibu, akajishangaa.

Nyumbani Wendell alikuwa akila mkate wa mahindi, amesimama, kama kawaida yake.

"Unataka nikuambie au nile?"

"Niambie."

"Watoto wa watu wote unawashusha. Wa kwako unamrudisha na basi kama mkoba uliosahaulika. Hata mimi ningeshuka."

"Kwa hiyo nimekosea?"

"Sijasema umekosea, mke wangu. Nimesema ningeshuka."

Mei ikapita. Mwisho wa kuandikisha watoto wapya ulikuwa unakaribia, na Corinne alikuwa na sababu mpya kila wiki: mwandiko wa mtoto bado, basi na asubiri mwaka mmoja, pengine atabadili mawazo. Tirzah hakudai tena. Alipanda, akabaki, akarudi. Alikuwa mpole mno, na upole ule ndio uliomtisha mama yake.

Aliyekata shauri hakuwa mtu mzima. Jioni moja, wakimenya maharage mabichi barazani, Corinne alimuuliza Keziah anaonaje. Hakutegemea mengi. Keziah ni mtu wa maneno machache, na shule haitaki hata kuiona kwa mbali.

"Mimi siendi popote," Keziah alisema. "Lakini Mama, mimi ulinisikiliza nilipolia. Yeye unamngoja alie?"

Corinne aliweka bakuli chini. Anasema alikaa hapo mpaka maharage yakawa hayaonekani kwa giza. Kwa miaka alikuwa amedhani alichompa Keziah ni nyumba. Kumbe alichompa ni sikio, na sikio hilo lilikuwa deni kwa mdogo wake pia.

Asubuhi alikwenda kuandikisha. Katibu aliyemshangaa Tirzah mwezi Aprili ndiye aliyempokea. "Sasa kompyuta itamjua," alisema.

Mama mkwe Lorene alipopata habari alikuja na pai ya pichi, akaketi. "Sisemi kitu mimi," alianza. Wote wakangoja. Safari hii kweli hakusema, ila alikata vipande vinene.

Si kila kitu kimetulia. Corinne bado huamka na wasiwasi, na amemweleza Tirzah wazi kwamba tumbo likianza kuuma Jumapili, meza ya jikoni haijauzwa. Keziah naye, ambaye sasa atabaki na mwalimu peke yake, anadai kwamba yeye ndiye aliyepata hasara. "Nani atakuwa anakosea ili nionekane najua?" analalamika, huku anacheka. Mama yake ana mpango wa kusoma naye elimu ya mimea porini msimu huu, jambo ambalo mtoto wa miaka tisa hakuwa na subira nalo.

Njia imebaki kidogo tu imalizike. Tawi moja linahitaji msumeno, daraja liko salama. Corinne anakunja kona ya mwisho, na badala ya kuingia uani kwake anapunguza mwendo barabarani.

Kando ya sanduku la barua amesimama msichana mwenye mkoba mpya mgongoni. Angeweza kupandia uani, hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Amekataa. Sharti lake kwa jaribio la leo lilikuwa moja tu: achukuliwe barabarani kama wenzake, na taa nyekundu za kusimamisha magari ziwake.

"Hakuna gari hata moja nyuma yangu," Corinne ananong'ona. Hata hivyo anaziwasha. Taa zinamulika barabara tupu, mlango unafunguka.

Tirzah anapanda ngazi, uso umekazwa kwa heshima.

"Habari za asubuhi, Bi Corinne."

Hivyo ndivyo watoto wote wa njia hii humwita. Kwake ni mara ya kwanza.

"Nzuri, Tirzah Haskett. Karibu. Kaa chini kabla sijaondoka."

Msichana anakipita kiti cha mbele, kile alichokalia kabla hajaota meno, bila kukitazama. Anakwenda mpaka katikati, anakaa dirishani, anabakisha nafasi ya Raelynn pembeni yake. Corinne anamtafuta kwenye kioo, anampata, anafunga mlango. Kilichobaki, anasema, ni kitu kimoja tu anachokiomba kwa Jumatatu: akitembea mpaka nyuma kubonyeza kile kitufe, akigeuka, akute basi ni tupu kweli, naye aweze kuliendesha mpaka nyumbani.