Bua Lililokataa Kuvunjika

Wananchi, tulieni. Mimi Rahimu, mtoto wa mwenye duka wa Utemini, natangaza rasmi kwamba niliwahi kuunganisha makabila ya nchi hii kwa mikono yangu miwili.

Muungano ulidumu dakika nne. Kisha damu ikarukia kioo cha kamera.

Ilikuwa 1996. Televisheni ndiyo kwanza zinaingia madukani. Kituo kimoja cha Dar kikaja kwenye shule yetu ya bweni, nje ya Singida Mjini, kurekodi kipindi cha watoto: makabila mengi, urafiki mmoja.

Igizo lilikuwa jepesi. Mughwai, Mnyaturu, anagombana na Laurian, Mhaya. Anampiga kwa fimbo mpaka inavunjika. Wanalia, wanakumbatiana, mwenzetu Raheli anaimba.

Fimbo yenyewe ni bua kavu la alizeti, limeviringishiwa karatasi nyekundu. Likimgusa mtu tu, vipande.

Mtunza vifaa: mimi.

Na mimi, kwa hekima niliyojaliwa, niliona Laurian anaringa mno. Anahitaji nundu moja ya kumtuliza. Nikaviringisha karatasi ile ile kwenye fimbo ya kuchungia ng'ombe.

"Oya, mbona zito?" Mughwai akaninong'oneza.

"Bado bichi hilo. We piga tu."

"Piga mpaka livunjike!" akapaza sauti bwana wa kamera.

Akapiga.

Pigo la kwanza lilitua begani. Laurian akaachia yowe, shule nzima ikashangilia. Jamaa anajua kuigiza!

Bua halikuvunjika.

La pili mkononi. Nikasikia mfupa ukilia ka! La tatu mdomoni. Meno mawili yakaruka kama punje za mahindi.

"Mughwai, unaniua bwana!"

Maneno hayo hayakuwemo kwenye igizo.

"Safi sana! Endelea!" bwana wa kamera akafurahi.

La nne likampasua juu ya jicho. Laurian, haoni kwa damu, akamrukia mwenzake, akamkaba koo na kumng'ata sikio. Wakabingirika mavumbini wakinguruma.

Raheli, mtoto mtiifu, akaanza kuimba wimbo wa urafiki.

Ni Mwalimu Marietha aliyeona jino miguuni pake. "Zima! Zima hiyo!"

Laurian akalazwa, mkono umefungwa plasta. Mughwai akachapwa mbele ya shule, kisha baba yake akaitwa kutoka Ikungi aje amchukue. Amefukuzwa.

Kabla ya viboko, alipohojiwa, nilitega sikio dirishani kwa mkuu wa shule.

"Fimbo ulipewa na nani?"

"Nilikata mwenyewe, mwalimu."

Mimi na Mughwai tunalala dabodeka moja, yeye chini, mimi juu. Siku tatu nikamwacha abebe kosa langu. Hata ugali wake nilikula mimi, maana yeye alikuwa anapanga vitu sandukuni.

Siku ya nne Mwalimu Marietha akaniita ofisini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaa, utazame televisheni."

Kanda ilianza kabla ya igizo. Bwana yule alikuwa anaijaribu kamera yake. Kuna kijana anavunja bua kwa goti, anaviringisha fimbo, halafu anaipigia kamera saluti.

Anatabasamu. Ana meno yake yote.

Mlangoni alisimama mzee wa Ikungi, kofia mkononi. Nyuma yake Mughwai, na sanduku lake la bati.

Funzo, kwa mliofika hapa: urafiki tulioutafuta mbele ya kamera ulikuwa ofisini kwa mkuu, unasema uongo kwa niaba yangu.

"Una la kusema?" mwalimu akauliza.

Mimi, bingwa wa hotuba.

"Shikamoo mzee. Mughwai, rudisha sanduku bwenini. Ni mimi."