Pikipiki Zinazoshuka Bubu

Asubuhi hii, Kiboriloni, Mzee Athanas Njau amelibana gurudumu la mbele la pikipiki kwenye shina la mparachichi. Anaiwasha, anaingiza gia ya tatu, halafu anaachia klachi polepole.

Pikipiki yenye klachi nzima ingezimika hapo hapo, maana mti hausogei. Hii haizimiki. Inanguruma tu, moshi unapanda majanini, na gurudumu la nyuma limetulia tuli.

"Klachi inateleza," anasema fundi huyo, akijifuta mikono kwa gunia. "Kwenye tambarare itakudanganya kuwa ni nzima. Ipeleke mlimani ndipo utaijua tabia yake."

Mwenye pikipiki, Mektrida, ni mkunga wa zahanati moja huko Kirua Vunjo. Wiki iliyopita pikipiki ilimgomea mara mbili njiani kwenda kuzalisha. Mara zote mbili aliiegemeza kwenye ukingo wa barabara, akajitwika begi lake na kupanda kwa miguu kwenye utelezi.

"Mara ya kwanza nilifika," anasema mama huyo. "Mara ya pili nilimkuta mama yu hai. Mtoto sikumuwahi."

Anayasema hayo akitazama chini. Mvua za masika ndiyo kwanza zimeanza, na anao wajawazito wengine huko juu wanaomsubiri.

Mzee Athanas anafungua kifuniko cha klachi. Anachomoa kijiti cha chuma, kile kinachozisukuma pleti ziachane mtu akibana klachi, anakiinua kwenye mwanga. Ncha yake imeungua, imekuwa ya buluu. Kisha anaingiza gia ya pili na kusukuma pikipiki kwa nguvu. Gia inaruka, inatoka yenyewe.

Uso wake unabadilika. Anakiweka kile kijiti juu ya jiwe na kumgeukia mteja wake.

"Mama, wewe unashuka bubu."

Msomaji asiyeishi kwenye miteremko hii huenda hajui kushuka bubu ni nini. Siku hizi petroli ni ya kibali, na kibali chenyewe si petroli; leo pampu ina mafuta, kesho mhudumu amekaa juu ya debe anapiga soga. Basi mwenye pikipiki akifika kichwani mwa mlima huzima injini, hubana klachi, na kuuacha mteremko umburute hadi chini. Akifika bondeni huachia klachi ghafla akiwa gia ya pili, injini ikashtuka na kuwaka.

Kubana klachi mteremko mzima ndiko kunakounguza ncha ya kijiti, na ule mshtuko ndio unaotafuna meno ya gia na kuunguza pleti. Lakini si hasara ya vyuma inayomkondesha Mzee Athanas. Kwenye pikipiki hizi kuukuu, injini ikizimwa, honi nayo inakufa.

Masika ya mwaka juzi, mkewe, Dafroza, alikuwa anateremka kutoka Old Moshi kwenda soko la Kiboriloni, mkungu wa ndizi kichwani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Mtu mwenye mkungu kichwani hageuzi shingo ovyo, hutegemea masikio.

Bernadetha, jirani aliyekuwa ametangulia hatua chache mbele, anakumbuka: "Nilisikia mkungu ukianguka. Pikipiki sikuisikia."

Alipogeuka, aliona mgongo tu wa mtu anayemezwa na ukungu. Dafroza alikata roho kabla machela haijapatikana.

"Msibani kila aliyekuja alinipa mkono akaniambia ajali haina kinga," anasema Mzee Athanas kwa uchungu usiofichika. "Methali hiyo siitaki tena nyumbani kwangu. Kinga ilikuwepo. Ni honi."

Wiki moja baada ya maziko alikwenda kufungua karakana yake. Kwenye kufuli akakuta jani la sale limefungwa fundo.

Kwa Wachagga, jambo hilo halihitaji maelezo. Sale ndilo ombi la msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa, hata kama moyo wake unawaka. Ila sale huletwa na mtu, akiwa na wazee wake, akainamisha kichwa. Hili lilikuwa limeletwa na giza.

"Sale ninalo, mwenye sale simjui. Nimsamehe nani?" anauliza fundi huyo.

Jambo moja alilijua. Aliyelifunga aliijua karakana, na bila shaka alikuwa mteja. Tangu hapo kila pikipiki iliyoletwa, hata yenye pancha tu, aliifungua klachi. Alikuwa anatafuta kijiti kilichoungua.

Alikipata. Akakipata tena kwenye pikipiki ya mwalimu, na ya bwana shamba, na ya katekista. Miezi ikapita, akatambua kwamba mlima mzima unashuka bubu, na kijiti cha buluu hakimtaji mtu.

"Nilichoka," anasema. "Nikaacha kumtafuta mmoja. Nikaweka sharti: hapa sifungi klachi ya mtu mpaka aape kwamba hatashuka bubu."

Ndilo sharti analompa sasa Mektrida. Mkunga anatikisa kichwa.

"Meku, nakuheshimu kama baba yangu," anamwambia, akimwita mzee kwa Kichagga. "Nikiapa nitakuwa mwongo. Mafuta ninayopewa yananipandisha. Hayanishushi."

Mzee Athanas anageuka na kuingia ndani, na kwa muda hakuna anayejua kama kazi imekwisha au ndiyo inaanza. Mektrida anaanza kufunga kanga yake kiunoni, tayari kuisukuma pikipiki mbovu.

Fundi anatoka na mfuko wa vizibo vya chupa za divai ya misa. Pleti mpya hazijaonekana Moshi kwa muda mrefu, naye huomba vizibo misheni, huvichonga kwa kisu na kuvipachika kwenye pleti kuukuu, vikafanya kazi ya vipuri. Anachonga, anapachika. Anasugua ncha ya kijiti kwa tupa, anarekebisha waya wa klachi, na kumwonya mama huyo asiiamini sana gia ya pili, kwani dawa ya meno yaliyolika hana.

Anairudisha pikipiki mtini. Gia ya tatu, klachi inaachiwa. Injini inakohoa mara moja na kuzimika.

"Imepona," anasema, lakini haikabidhi. Anaokota kopo tupu la samli, analitia kokoto, analifunga kwa waya nyuma ya kiti. Anaitikisa pikipiki, kopo linapiga kelele za kukera masikio.

"Meku, watoto watanicheka!" Mektrida analalamika.

"Wakucheke. Wakicheka wamekwisha kukusikia."

Mzee Athanas anasema sharti la kiapo amelifuta leo hii, kwani watu huapa karakanani na kuzima injini mlimani. Badala yake anakusanya makopo. Anataka kila pikipiki inayopita mikononi mwake iondoke na kopo lake, bila malipo.

Na yule mwenye sale?

"Atakuja tu, klachi haimwachi mtu. Nitamfungia kopo na yeye, na sitajua kuwa ndiye." Anavuta pumzi. "Labda huko ndiko kumsamehe. Sijui. Bado inauma."

Mektrida anawasha, anaaga, anaishika njia ya mlimani. Injini inavuta sawasawa. Mzee Athanas anasimama barabarani, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza. Ngurumo ya injini inapotea kwanza. Kopo linabaki likisikika kwa mbali, nyuma ya migomba.

"Dafroza angelisikia lile," anasema, na kurudi kukusanya vyuma vyake.