Chumba cha Pili Kisiwani

"Mtu ana kazi. Ana mshahara. Ana chumba, na ufunguo uko mfukoni. Lakini analala nje. Kwa nini?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza Afisa wa Kazi wa Mkoa asubuhi yangu ya kwanza ofisini Kisumu, katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, na nilikuwa na jibu la kila kitu.

"Ni mlevi, Mzee."

Karani na tarishi walicheka. Mzee hakucheka. "Andika hilo jibu mahali," akasema. "Usilipoteze."

Nilipewa meza ya mbao karibu na dirisha. Nyuma yake palikuwa na mkeka uliokunjwa, umejaa vumbi. Nilipomwambia tarishi autupe, Mzee alisema kutoka mlangoni, "Huo wacha." Nilikuwa mtu wa kuuliza sababu ya kila kitu kabla ya chai ya saa nne, lakini habari ya mkeka sikuiuliza.

Nyinyi mnaoingia kazi hii leo mna kompyuta. Sisi wakaguzi wa kazi tulikuwa na miguu, kamba ya kupimia na fomu. Ulifika kiwandani au hotelini, ukaomba kitabu cha mahudhurio, ukalinganisha yaliyoandikwa na yale wafanyakazi waliyokwambia pembeni, mbali na msimamizi. Halafu kulikuwa na posho ya nyumba, yaani pesa anazolipwa mfanyakazi juu ya mshahara wake ili apange chumba, kama mwajiri hajampa nyumba. Kujua kama posho inatosha, tulikwenda kupima vyumba vyenyewe. Nimepima mtaa wa Obunga mpaka watoto wakaniita Madam Kamba. Nimepima Nyamasaria wakati bado ni mashamba yenye nyumba moja moja.

Kanuni yetu ilikuwa fupi: mfanyakazi mmoja, chumba kimoja, paa lisilovuja, mlango unaofungwa. Niliipinga sana kanuni hiyo. Nani aliitunga? Alipima wapi? Mzee alinisikiliza kwa subira na kunipa fomu nyingine za kujaza.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa wilaya ya kando ya ziwa, chini ya Afisa wa Kazi wa Wilaya, mtu aliyependa mihuri kuliko maneno. Siku moja alinitupia faili. Katika kisiwa kimoja palikuwa na hoteli ya watalii waliokuja kwa ndege ndogo kuvua mbuta, samaki wakubwa wa ziwa, kwa mchezo. Mpishi wake, Bwana Owiti, alikuwa amekutwa akilala katika stoo ya nyavu. Hoteli ilisema ni mwizi anayejificha na ikamsimamisha. Alikuwa na siku saba kabla ya kufukuzwa kabisa, na kisiwani hapakuwa na jiko lingine la kumwajiri.

"Madam, hiyo ni kesi ya nusu saa," alisema Afisa wa Wilaya. "Stoo si nyumba. Gonga muhuri, urudi."

Nilivuka kwa boti ya abiria, na nikaanza na Bwana Owiti mwenyewe.

"Unalipwa posho ya nyumba?"

"Nalipwa."

"Una chumba?"

"Niko nacho, hapo ufuoni."

"Sasa stoo ulifuata nini?"

Akatazama viatu vyake. "Madam, andika vile unaona."

Nikaandika. Nakiri kwamba neno nililoliandika lilikuwa lile lile la siku yangu ya kwanza, ila nililiwekea alama ya kuuliza. Kisha nikaenda kupima chumba chake.

Mwenye vyumba, Mama Perez, alinipokea kwa mashaka. Alikuwa na safu ya vyumba vya mabati, na kodi yake ilipanda kila msimu wa wageni, ingawa mishahara ya hotelini ilibaki pale pale. Nilimuuliza kwa nini.

"Si mimi nimepandisha, ni ndege imepandisha. Wazungu wakija hata kuku anajua bei yake. Chumba ni nani kisipande?"

Ndani ya chumba cha Owiti nilimkuta mkewe akinyonyesha mtoto mchanga. Kando yake alikuwa ameketi mama mmoja mzee, akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye sinia.

"Huyu ni mama yangu," mke alisema. "Amekuja kunisaidia na mtoto, mpaka nipate nguvu."

Kwetu Wajaluo, mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikulia katika nyumba za reli mjini, na chuoni nilikuwa nimeshindana na watu wengi kwamba mila hufa mtu anapoanza kulipa kodi ya chumba.

"Si mngeweka pazia?" nikauliza.

Yule mama aliacha omena. "Nyathina, mwanangu, umeolewa?"

"Bado, Mama."

"Ndiyo maana unapima nyumba na kamba. Pazia! Basi tuweke pazia kwa ziwa, mbuta wasituone."

Binti yake alicheka mpaka mtoto akashtuka. Nami nikaelewa kwa nini Owiti alikuwa tayari kuitwa mwizi. Hakutaka mama mkwe wake atajwe katika kesi. Chumba cha pili asingekiweza kwa posho ile, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa ng'ambo ya maji.

Kesho yake niliketi na Meneja wa hoteli, mtu wa bara, mpole, mwenye haraka.

"Posho tunalipa," alisema. "Chumba anacho. Tumekosa wapi?"

"Bwana Meneja, mgeni akija na mkewe na mama mkwe wake, mnawapa vyumba vingapi?"

"Viwili, bila shaka."

"Kwa nini?"

Alimwita karani alete faili ya Owiti.

Mpishi alirudi jikoni siku ya tano. Mwaka uliofuata, mimi na kamati ya wafanyakazi tulipata kifungu kipya katika mkataba wa hoteli: posho ya chumba cha pili kwa mwenye familia. Kwenye fomu yangu niliongeza swali kwa mkono, "Ni nani asiyeweza kulala humu, na kwa nini?" Ofisi mbili zaidi ziliichukua fomu hiyo, na swali lilikuwa bado limo siku niliyostaafu. Najivunia mstari huo kuliko cheti changu cha chuo. Sisemi tulishinda kabisa. Posho ilipopanda, Mama Perez naye alipandisha kodi, na mpaka leo sijui ni kiasi gani kilimfikia mfanyakazi. Lakini Owiti alilipia vyumba viwili, na akalala kitandani.

Nilipostaafu nilikwenda Nyamasaria kumwona mjane wa yule Mzee wangu wa kwanza. Akinimiminia chai, alinieleza kwamba walipopata mtoto wao wa kwanza walikuwa na chumba kimoja, na mama yake yeye, mkwe wa Mzee, alikuja akakaa nao miezi minne. Miezi hiyo yote Mzee, wakati huo karani mdogo, alilala ofisini, akitandika mkeka juu ya meza iliyo karibu na dirisha.